Sauti ya Msalani

Kiswahili kimekitendea stara kubwa chumba kimoja kidogo cha nyumba. Muungwana haendi chooni. Huenda msalani, huenda maliwatoni, huenda haja, hujisaidia, au hutoka mara moja kisha akarudi, na waliobaki barazani hawamuulizi alikuwa wapi. Neno msala lenyewe ni jina la mkeka wa kusalia, na papo hapo ni jina la mahali ambapo hapana aswaliye, wala hajapata kuonekana mtu aliyechanganyikiwa na mambo hayo mawili. Lugha imepafunika mahali hapo kwa maneno, nguo juu ya nguo, kama afunikwavyo bibi harusi. Lakini lugha hiyohiyo haikujishughulisha na viungo vya ndani vya chumba hicho. Ile shingo iliyopinda chini ya sinki la choo, lile bomba linalopanda mpaka juu ya paa bila ya kubeba hata tone la maji, ule mpira mdogo uliokaa ndani ya tangi kama kifuniko cha chungu: vyote hivyo havina majina nyumbani. Fundi anayo majina yake, aghalabu ya Kiingereza kilichokatwa mkia. Mwenye nyumba hana. Msala ukiugua, yeye huwa kama mgonjwa asiyeweza kumwonyesha tabibu mahali panapomuuma. Husema tu, "Choo kimeharibika," na tangu hapo huwa mikononi mwa watu.

Mwalimu mmoja mstaafu wa jiografia, mkaazi wa Kiponda katika Mji Mkongwe wa Unguja, alifikwa na hali hiyo. Nyumba anayoishi aliirithi babake, naye babake aliirithi. Ni nyumba ya ghorofa mbili, ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zikizidi nusu mita kwa unene. Dari zake ni za boriti za mikoko, na kama zilivyo nyumba zote za namna hiyo, vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti haibebi vyema zaidi ya mita tatu hivi. Msala wa zamani ulikuwa ghorofa ya kwanza, kwenye pembe: sakafu ya chokaa iliyosuguliwa hadi ikang'aa, tundu la kuchuchumalia, birika la maji pembeni, na mfereji uliopita ndani ya ukuta hadi shimoni. Waliojenga hawakuwa wajinga. Usafi wa nyumba za mwambao una umri mkubwa; katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, mji uliohamwa karne nyingi zilizopita, vyoo vya ndani vingali vinaonekana, na kule Lamu mabirika yalitiwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu.

Msala huo ulitosha kwa vizazi vitatu. Haukumtosha tena Bi Mkubwa, mama yake Mwalimu, ambaye alikuwa ameshapita miaka themanini na nyonga yake ya kushoto ilikuwa imemgomea. Kuchuchumaa kulikuwa adhabu, na kuinuka baada ya kuchuchumaa kulikuwa adhabu zaidi. Mara mbili alikutwa ameshika ukingo wa birika kwa mikono miwili, akingoja mtu apite, wala hakuita. Baada ya mara ya pili Mwalimu aliamua kutia sinki la kukaa.

Kutia sinki la kukaa katika nyumba ya chokaa si jambo la siku moja. Kwanza pana ruhusa, maana Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985 na umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2000. Hapachimbwi wala hapabomolewi kwa matakwa ya mtu. Pili pana hofu. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, wenye nyumba kuukuu katika mji ule huangalia dari zao kwa jicho jingine. Adui wa nyumba hizi anajulikana, ni maji. Boriti inayoloweshwa kidogo kidogo huoza ndani huku nje ikionekana nzima, na ukuta wa chokaa uliopakwa saruji hushindwa kutoa unyevu wake, ukaoza kimyakimya kama jino.

Kazi ilichukua wiki tano. Bomba la inchi nne lilishushwa kutoka msalani hadi uwanja wa ndani, likaingia kwenye chemba, na kutoka chemba likaenda karoni. Juu, bomba hilohilo lilipandishwa hadi likachomoza kwenye paa. Sakafuni palitiwa tundu la maji ya kuogea, nalo likiwa na shingo yake. Wakati huohuo mwashi alikuwa akitengeneza ukingo wa paa uliokuwa ukimomonyoka. Kwa wiki zote hizo Bi Mkubwa alishushwa ngazi kumi na saba, mkono mmoja ukutani na mmoja begani mwa mjukuu, kwenda kwenye choo cha chini.

Siku ya kukabidhi kazi, fundi bomba alivuta maji mbele ya Mwalimu, maji yakaenda, wakapeana mikono. Fundi akalipwa, isipokuwa sehemu ya mwisho ambayo, kwa mapatano, ilikuwa ingoje wiki mbili.

Wiki mbili hazikufika. Siku ya tatu ilionekana alama ya maji, kubwa kama sahani, kwenye dari ya chumba cha chini. Siku ya nne ilisikika sauti nyembamba ndani ya tangi la choo, kama mtu anayenong'ona, usiku kucha. Na tangu siku ya kwanza, ingawa hakuna aliyetaka kusema, kila maji yalipovutwa, tundu la sakafuni lilikoroma. Mkoromo wake ulikuwa mzito, wa kutoka tumboni, wenye mapovu, na baada yake ilifuata harufu. Harufu ilipita ukumbini ikaingia sebuleni.

Waliitwa mafundi. Wa kwanza, yule aliyefanya kazi, alisema, "Mwalimu, kazi yangu mimi safi. Hilo karo lako limejaa." Wa pili alisema sinki ni la bei rahisi, litolewe litiwe jingine. Wa tatu alitazama ile alama darini, akagonga sakafu ya msala kwa mpini wa nyundo, akasema bomba limepasuka chini, sakafu yote ivunjwe. Jirani akaleta chupa ya asidi na nasaha zake. Maradhi moja yalikuwa na dawa nne, na kila dawa ilikuwa na gharama yake. Mwalimu alimwamini yule wa tatu kwa sababu ndiye aliyezungumza kwa uhakika zaidi, kosa wanalolifanya watu wengi wasomi. Akamwendea fundi wa kwanza barazani alipokuwa amekaa na wenzake, akamwambia mbele yao kwamba ameiharibu nyumba ya watu na kwamba hatapata hata senti iliyobaki. Fundi hakujibu. Alitazama chini, akaendelea kunywa kahawa yake.

Sakafu ingevunjwa Jumatatu. Jumamosi usiku Mwalimu aliingia chumbani kwa mama yake kumpa vidonge, akalishika jagi la maji lililokuwa mezani kwake. Lilikuwa limejaa pomoni, kama alivyolijaza yeye mwenyewe asubuhi. Akakumbuka kwamba na jana lilikuwa limejaa. Akatazama midomo ya mama yake, ilivyokauka na kupasuka, akakumbuka kizunguzungu alichokilalamikia wiki nzima, ambacho wote walikisingizia umri.

"Mama, mbona hunywi maji?"

"Sina kiu, mwanangu."

"Tangu lini?"

Bi Mkubwa alikawia kujibu. Kisha akasema, "Wakati ule wa ngazi, nilikuwa nikinywa nahitaji kushushwa. Mtoto ana masomo yake. Nikajizoesha."

"Lakini sasa choo kipo hapa, hatua kumi."

"Kipo. Lakini kinasema. Wageni wako sebuleni, nami nikitoka ndani kinanguruma nyuma yangu, na harufu inanifuata. Watu watadhani ni mimi."

Mwalimu hakulala. Kabla ya alfajiri alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, msalani, mkononi ana tochi na daftari la shule, kama aliyekuja kusimamia mtihani. Alikuwa amefundisha miaka thelathini na tatu jinsi mto unavyotoka chemchemi hadi bahari, na hakuwa amewahi kujiuliza maji ya nyumbani kwake yanapita wapi.

Jambo la kwanza alilolitenda lilikuwa kuyatenganisha malalamiko. Mafundi wote watatu walikuwa wamechukulia kwamba alama ya darini, mnong'ono wa tangi na mkoromo wa sakafu ni mtoto wa mama mmoja. Yeye aliandika kila moja kwenye ukurasa wake.

Alianza na alama ya darini, kwa sababu ya boriti. Maji yanayovuja chini ya sakafu yanaweza kuwa maji safi yanayoingia au maji machafu yanayotoka, na yale yanayotoka huvuja tu wakati wa kuvuta. Akaifunga koki ya pembeni inayopeleka maji kwenye tangi, akafuta kila kitu kwa kitambaa hadi kikakauka, akamwaga ndoo tatu ndani ya sinki, moja baada ya nyingine, kisha akatandaza gazeti kuzunguka mguu wa sinki. Baada ya nusu saa gazeti lilikuwa kavu. Bomba la chini, basi, halikuwa na dalili ya kupasuka. Akafungua koki, akafunga karatasi laini ya msalani kwenye kila kiungo cha mpira unaopeleka maji tangini. Kiungo cha chini kililowa papo hapo. Tone lilikuwa likitoka pale, likishuka nyuma ya sinki mahali pasipoonekana, likiingia kwenye ufa wa sakafu. Akafunga tena koki, akafungua nati kwa mkono, akakuta wosha imekaa upande. Akaiweka sawa, akakaza. Alipobadilisha karatasi, ilibaki kavu. Sakafu ambayo ingevunjwa siku ya pili yake iliokolewa na pete ya mpira yenye upana wa sarafu.

Mnong'ono wa tangi haukumchukua muda. Alitia ndani ya tangi rangi nyekundu ya chakula, ile inayotiwa kwenye biriani, akakaa dakika ishirini bila ya kuvuta maji. Maji ya ndani ya sinki yakageuka waridi. Maana yake ni kwamba maji yalikuwa yakipenya kutoka tangini kuja sinkini mchana na usiku, na boya lilikuwa likifungulia maji mengine kuziba pengo. Tangi linalopenya hivyo huweza kupoteza mamia ya lita kwa siku, na katika nyumba ambayo maji hupandishwa kwa pampu hadi simtangi la juu ya paa, hayo ni maji na umeme kwa pamoja. Akauinua ule mpira wa kifuniko. Chini yake palikuwa na chembe ya chokaa, ndogo kuliko punje ya mchele. Akaifuta. Mnong'ono ukaisha.

Ukabaki mkoromo, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, maana mkoromo hauna tone la kulifuata.

Ili kuuelewa ilimbidi aielewe kwanza ile shingo. Mwaka 1775, huko London, fundi wa saa kutoka Scotland aitwaye Alexander Cumming alipata hataza ya choo cha kuvuta maji ambacho bomba lake la chini lilipindwa kama herufi S. Jambo lenyewe ni dogo kiasi cha kuchekesha: bomba likipindwa, maji kidogo hubaki kwenye pindo, na maji hayo huwa mlango. Uchafu hupita, harufu hairudi. Kila sinki la choo, kila beseni la kunawia, kila tundu la sakafu linalofaa lina mlango huo wa maji, kina chake kikiwa takriban sentimita tano. Mlango wa mbao hulindwa kwa kitasa, lakini huu wa maji hulindwa kwa hewa. Maji yanaposhuka kwa kishindo ndani ya bomba refu, huvuta hewa nyuma yake, na hewa hiyo sharti itoke mahali. Ndiyo kazi ya lile bomba linalochomoza kwenye paa: kuyapa maji hewa ya kushuka nayo. Hewa ikikosa njia ya juu hutafuta njia ya pembeni, ikapenya kwa nguvu katika shingo iliyo karibu, ikalikoroga na kuyanyonya maji ya mlango hadi mlango ukabaki wazi.

Mwalimu hakuyajua yote haya asubuhi ile. Aliyajua nusu, nusu aliyafikia kwa kupima.

Alimwaga ndoo ya lita kumi ndani ya sinki kwa mkupuo. Ndoo ni kipimo cha haki: maji ya ndoo yakienda vyema ilhali ya tangi hayaendi, kasoro ni ya tangi, yasipokwenda vyema yote mawili, kasoro iko mbele ya sinki. Maji ya ndoo yalipanda, yakasita kama mtu aliyesahau neno, kisha yakaenda, na tundu la sakafuni likakoroma. Basi tangi halina kosa.

Akamwamsha mjukuu wake, kijana wa darasa la saba, akamteremsha uwanjani afunue chemba. Kama karo limejaa, chemba ingekutwa imefurika. Kama bomba limeziba kati, chemba ingebaki kavu maji yakivutwa. Akatia rangi iliyobaki, akavuta.

"Yamefika, babu!" sauti ilipanda kutoka uwanjani. "Mekundu! Yanapita tu!"

Karo halikujaa. Bomba halikuziba. Fundi wa kwanza alikosea kuhusu karo, wa pili kuhusu sinki, na ile asidi ya jirani ingekula tu kilichokuwa kizima. Maji yalikuwa na njia. (Hapa inafaa kusemwa, kwa ajili ya msomaji atakayeshawishika kuendelea hadi mwisho wa njia: chemba hufunuliwa na kutazamwa kutoka juu, lakini karo haliingiwi. Hewa iliyomo huua, na mara nyingi humuua pia anayeingia kumwokoa wa kwanza. Kazi hiyo ina watu wake na vyombo vyao.)

Mwalimu akarudi kwenye tundu la sakafu. Akatumbukiza njiti ya ufagio, akapima alama ya maji: sentimita tano kasoro kidogo. Akavuta maji mara tatu, akapima tena: njiti ilitoka na alama isiyofika sentimita mbili. Tundu lilikuwa likinyonywa. Akaenda chumbani kwa mama yake, akaomba kijiti cha udi, akakiwasha, akakishikilia juu ya tundu huku akinyoosha mkono mwingine kuvuta maji. Moshi uliokuwa ukipanda wima ulipinda, ukashuka, ukaingia sakafuni kama uzi unaoingia katika tundu la sindano. Bi Mkubwa, aliyekuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, alisema, "Kinavuta pumzi."

Naam, kilikuwa kikivuta pumzi, kwa sababu mahali pengine kilikuwa kimezibwa.

Jua lilikuwa limekwishapanda Mwalimu alipofika juu ya paa. Ukingo ulikuwa umetengenezwa vizuri, mweupe. Bomba lilichomoza pale lilipotakiwa kuchomoza, na mdomoni mwake palikuwa na tambara lililosokotwa na kushindiliwa ndani, gumu kama kizibo, juu yake pamegandamana vumbi la chokaa na mvua ya wiki tano.

Hakuhitaji kuuliza ni nani aliyelitia. Aliukumbuka mchana wenyewe. Mwashi alikuwa akibomoa ukingo wa zamani, vipande vya chokaa vikiruka, na yeye, kwa kuogopa visianguke ndani ya bomba jipya, aliteremka akachukua nguo kuukuu kwenye kamba, akapanda nayo, akaishindilia kwa mikono yake miwili. Alijiambia ataitoa jioni. Jioni palikuwa na mazishi huko Jang'ombe.

Mafundi wote watatu hawakupanda juu ya paa. Hilo ni kosa lao, na si dogo. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyelizibia bomba la watu pumzi. Sote tumelelewa kwa methali ya ufa na ukuta, tukaamini kwamba kila tundu katika nyumba ni uzembe unaongoja kuzibwa. Methali hiyo haikutungiwa mabomba.

Ilimbidi atumie ndoano ya waya kulitoa. Lilipotoka, Mwalimu alimpigia mjukuu kelele avute maji, akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa bomba. Alisikia ngozi ya kiganja ikivutwa ndani, kwa upole lakini kwa nguvu, kama mtoto anavyonyonya kidole. Chini, msalani, palisikika maji yakishuka, kisha hapakusikika kitu.

Kabla ya kuteremka alikata kipande cha wavu wa dirisha, akakifunga kwa waya mdomoni mwa bomba kuzuia kunguru. Wavu hupitisha hewa.

Fundi alikuwa palepale barazani, na wenzake walewale. Mwalimu alitoa salamu, akaitikiwa. Angeweza kumwita pembeni, na pengine ungwana wa siku hizi ungemruhusu, lakini tusi lilikuwa limetolewa mbele ya watu. Akasema mbele yao kwamba kasoro ilikuwa ni tambara kwenye bomba la hewa, kwamba aliyelitia ni yeye mwenyewe, na kwamba ameleta pesa zilizobaki na anaomba radhi. Palikuwa kimya. Fundi akazihesabu pesa, akazitia mfukoni, akasema, "Ile wosha nayo ilikuwa upande?"

"Ilikuwa upande."

"Hiyo yangu," alisema fundi, akatoa noti moja akairudisha. Mwalimu hakuichukua. Walisukumiana noti ile kwa muda, hadi mmoja wa wazee waliokaa hapo akaichukua akawaagizia wote kahawa.

Nyumbani, Bi Mkubwa alikuwa ameketi ukumbini. Lile tambara lilikuwa limeoshwa na mjukuu, limeanikwa kwenye kamba ya uwanjani. Lilikuwa kanga, rangi yake imekwisha, na maandishi yake yamekufa hayasomeki tena.

"Kanga yangu ile," alisema. "Nimeitafuta mwezi mzima. Nikasema imeibwa."

"Ilikuwa juu, mama."

"Juu wapi?"

Mwalimu alimweleza. Bi Mkubwa alicheka kidogo, akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, kisha akacheka sana, hata ikabidi ashike nyonga yake. Mchana walikuja wageni wawili kutoka Mkunazini, wakakaa hadi alasiri. Katikati ya mazungumzo Bi Mkubwa aliinuka, akasema anatoka mara moja. Mwalimu alijikuta amenyamaza, akasikiliza. Maji yalivutwa. Tangi likajaa, boya likafunga. Mgeni mmoja alikuwa akieleza habari za bei ya karafuu, wala hakukatisha neno.

Bi Mkubwa alirudi, akaketi, akamnyooshea mjukuu jagi lililokuwa limebaki robo.

"Nijazie," alisema. "Na ulitie barafu."